Njia fupi nusura ituondolee Bi Mkubwa

Leo funga mkanda, maana tunakwenda mbali. Tunakwenda mamtoni, kusini mwa Marekani, tena si kwa ndege. Tunakwenda kwa barabara, ndani ya nyumba yenye magurudumu.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu ndugu zetu walioko kule wamekuwa wengi, na wakimwalika mzazi kutoka nyumbani wanataka kumtembeza aone nchi. Wanakodi lile gari-nyumba, wenyewe wanaliita RV, lenye vitanda, jiko, friji na choo humo humo. Halafu wanachora mstari kwenye ramani na kukanyaga mafuta. Mstari huo ndio ninaotaka tuuzungumze leo. Ukiuchora vibaya utajuta. Sisi nusura tujute.

PATASHIKA YA RAMANI

Ilikuwa Julai 2024. Nilikuwa Jacksonville, Florida, kwa dada yangu, nimekwenda kumsaidia kulea watoto. Bi Mkubwa, yaani mama yetu mzazi, naye alikuwa amekuja kutembea. Sasa kaka yetu mkubwa anaishi Los Angeles, upande wa pili kabisa wa nchi, na Mama alikuwa hajamtia machoni kwa miaka 14. Mambo ya makaratasi, si unajua tena. Ukitoka, kurudi ni bahati nasibu. Na muda wa Mama kukaa Marekani ulikuwa unaelekea ukingoni. Ikawa ni lazima tumfikishe kwa mwanawe kabla hajapanda ndege ya kurudi nyumbani.

Ndege za kwenda huko zipo, tena kila siku. Lakini tulikuwa watu sita: Mama, dada, Shemeji, watoto wawili na mimi. Tiketi sita si mchezo. Halafu Shemeji alikuwa na hamu yake ya miaka mingi, kuivuka Marekani kwa magurudumu kutoka bahari hii hadi bahari ile. Akakodi gari-nyumba kwa siku sita. Nne za njiani, mbili za akiba.

Usiku wa kuamkia safari ndipo patashika ikaanza mezani. Tupite wapi?

Nikueleze kwanza barabara zao zilivyopangwa, maana ukishajua siri yake hupotei. Sheria ya kuzijenga hizi haiwei kubwa ilisainiwa mwaka 1956 na Rais Eisenhower. Zile zenye namba zinazogawanyika kwa mbili zinatoka mashariki kwenda magharibi. Zisizogawanyika zinatoka kaskazini kwenda kusini. Na zile za mashariki na magharibi, namba ndogo iko kusini kabisa, na kadiri unavyopanda kaskazini namba inaongezeka. Kwa hiyo mtu akikwambia I-10, jua huyo anapita chini karibu na bahari na mpaka wa Mexico. Akikwambia I-40, yuko juu.

Kwa anayevuka majimbo ya kusini, za kuchagua ziko tatu.

Ya kwanza ni hiyo I-10. Inaanzia Jacksonville na kuishia Santa Monica, ufukweni mwa California. Ina urefu wa maili 2,460 hivi, karibu kilomita 3,960, na inapita majimbo manane: Florida, Alabama, Mississippi, Louisiana, Texas, New Mexico, Arizona na California. Uzuri wake ni kwamba wakati wa baridi theluji huisumbua kidogo kuliko wenzake. Ubaya wake ni joto la kiangazi. Na kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba ni msimu wa vimbunga vya bahari. Kile cha Katrina, Agosti 2005, kiliyang'oa mapande ya daraja la I-10 linalovuka ziwa Pontchartrain karibu na New Orleans. Daraja zima la haiwei, we acha tu.

Ya pili ni I-20. Inatoka Florence, South Carolina, inapita Atlanta, Birmingham, Jackson, Shreveport na Dallas, halafu inaungana na I-10 kule magharibi mwa Texas. Hii inafaa kwa anayetaka kukwepa pwani msimu wa vimbunga. Lakini mwisho wa yote utaingia jangwani tu kama mwenzako wa I-10.

Ya tatu ni I-40. Inatoka Wilmington, North Carolina, inapita Nashville, Memphis, Oklahoma City, Amarillo na Albuquerque, hadi Barstow, California. Kule Flagstaff, Arizona, inapanda hadi mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Julai unapata upepo wa maana. Januari unapata theluji ya kukusimamisha njiani. Na wewe uliyeko North Carolina ujue kwamba Septemba 2024 mafuriko ya kimbunga Helene yaliimega I-40 milimani, mpakani na Tennessee. Ilifungwa miezi mitano, ikafunguliwa Machi 2025 kwa njia moja moja kila upande. Usiondoke nyumbani bila kuangalia hali ya barabara, hata kama uliipita mwaka jana.

Basi bwana, Shemeji alisimama na I-10. Mlangoni kwake inaanza, kwa shemeji yake inaishia, kuna haja gani ya kona? Hesabu yake ilikuwa maili 600 kwa siku, siku nne, kazi imekwisha. Dada akasema hapana, tupande Atlanta, tuingie Birmingham, tushike I-22 hadi Memphis, halafu I-40. Maili zitaongezeka zaidi ya 100, lakini watoto watalala kwa ubaridi na Mama hatapikwa na jua. Shemeji akauliza hizo maili 100 mafuta nani atanunua. Gari-nyumba kama lile linakwenda maili 8 hadi 10 tu kwa galoni moja. I-10 peke yake ilikuwa inataka lita 1,000 hivi. Dada akanyamaza, lakini kunyamaza kule kwa hasira, mwenye ndoa anakujua.

Mimi nikamgeukia Bi Mkubwa. "Mama, wewe unasemaje?"

Akajifunga kanga vizuri, akatabasamu. "Popote mtakapopita, wanangu. Mimi ni mzigo tu. Mzigo hauchagui njia."

Tukacheka. Tulivyokuwa wajinga, tukacheka! I-10 ikapita bila kupingwa.

SIKU MBILI ZA KUJIDAI

Siku ya kwanza ilikwenda kama alivyosema Shemeji. Tuliondoka alfajiri, tukala Florida yote ya kaskazini, tukavuka ghuba ya Mobile kule Alabama, tukaigusa Mississippi. Hapo Slidell Shemeji akafanya jambo la akili, na wewe likumbuke. Badala ya kuingia New Orleans na lile li-gari, akashika I-12 inayozunguka kaskazini mwa ziwa na kurudi kwenye I-10 pale Baton Rouge. Saa nne usiku tukaegesha Baton Rouge. Maili 600, mtu mzima hoi.

Mama alishuka polepole, miguu imevimba kama mikate ya kumimina. Nikamwuliza, akasema ni uzee.

Siku ya pili ndiyo tulivuka daraja la Atchafalaya. Msomaji wangu, lile si daraja, ni mkoa! Linakwenda kilomita 29 juu ya mabwawa na miti inayosimama majini. Katikati kuna milango miwili tu ya kutokea. Tulipoingia nikamsikia Mama akiuliza kwa sauti ya chini, "Hili linaisha lini?" Shemeji akajibu kwa furaha kwamba ni mojawapo ya madaraja marefu kabisa Marekani. Akapita mlango wa kwanza. Akapita wa pili. Mama hakuuliza tena.

Tukaingia Texas. Pale Orange, mpakani, kuna kibao kinachokwambia Beaumont maili 23, El Paso maili 857. Kibao kimoja hicho hicho! Texas peke yake inakula maili 880 za I-10, zaidi ya kilomita 1,400. Houston tukaikuta jioni, na magharibi yake haiwei inafika njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Shemeji jasho lilimtoka na kiyoyozi kinawaka. Tukapita San Antonio usiku, tukalala Junction saa nane za usiku. Watoto walilala na viatu.

Nilimwekea Mama chakula. Alikigusa gusa akasema ameshiba safari.

KIMBEMBE CHA SIKU YA TATU

Sasa sikiliza. Bi Mkubwa ana kisukari, anajichoma sindano. Asubuhi ile alijichoma kama kawaida yake, lakini uji niliomkorogea nikaja kuukuta umefunikwa na kisahani, haujaguswa. Nikadhani atakunywa njiani. Si jiko liko humo humo? Si friji imejaa?

Tukapita Ozona. Kutoka Ozona hadi Fort Stockton ni zaidi ya maili 100, na katikati mji wa maana hamna. Ni vilima vilivyokatwa vichwa, vichaka, mashine za upepo na malori. Spidi inayoruhusiwa upande ule ni maili 80 kwa saa, lakini nyumba haikimbii hivyo, Shemeji alikuwa na 65. Nje jua la Julai linachemsha lami. Simu ya dada mtandao unakuja na kupotea.

Mjukuu mdogo ndiye aliyeona. "Bibi anaongea na nani?"

Nikageuka. Mama alikuwa amelowa jasho kanga nzima, ndani ya kiyoyozi. Midomo imekauka. Alikuwa anamwita marehemu baba, anamwambia afunge mlango wa uani. Nilimshika mkono, baridi. Nikapiga kelele ambayo Shemeji anasema hataisahau.

Alitoka mlango wa kwanza alioupata, akasimamisha gari kando ya barabara isiyo na mtu. Dada alipima sukari kwa ile mashine ndogo. Ilikuwa imeshuka vibaya. Tukamnywesha soda, ile ya kawaida yenye sukari, si ile ya kupunguza unene. Kidogo, kidogo. Anameza. Robo saa tukapima tena, imepanda kidogo. Tukampa nyingine na mkate. Dakika zile, msomaji wangu, niliona jangwa lote lile linatutazama. Nikamwona kaka yangu Los Angeles na miaka yake 14, nikajiuliza tutamwambia nini kwenye simu.

Alipofumbua macho vizuri akasema, "Mmesimama kwa ajili yangu? Tutachelewa." Dada akaanza kulia.

Fort Stockton tukamtafutia daktari. Wakasema sukari ilishuka kwa sababu ya sindano bila chakula, na juu ya hapo mwili hauna maji. Hakuwa amekunywa maji ya maana kwa siku mbili. Siku mbili, na tangi la maji safi limejaa chini ya kitanda chake!

Usiku ule, Shemeji akiwa nje anaunganisha umeme wa kambi, dada akambana. "Mama, kwa nini huli? Kwa nini hunywi?"

Mama akainamisha kichwa. "Mwanangu, nikinywa nitataka kwenda haja. Hicho choo chenu ni ubao tu. Mkwe wangu ameketi hatua tatu mbele, anasikia kila kitu. Mimi nitaiweka wapi sura yangu?"

Tukabaki tumeduwaa. Gari la gharama yote ile, lina choo, lina bafu, lina friji, na Bi Mkubwa anajinyima maji hadi kuzimia kwa sababu ya heshima kwa mkwewe. Na sisi hatukuliona hilo, kwa sababu kwenye ramani tuliangalia maili tu. Hakuna aliyeangalia vyoo.

HADITHI YA NDOO

Kambini pale alikuwepo mzee mmoja Mwamerika mweusi, mzaliwa wa Alabama, anatembea na mkewe kwa gari-nyumba. Aliposikia mkasa wetu hakucheka hata kidogo. Alisema walipokuwa watoto, mama yake alibeba ndoo nyuma ya gari kila walipokwenda kwa ndugu. Sheli za Kusini ziliwauzia mafuta weusi, lakini choo waliwanyima. Kwa hiyo walisafiri na ndoo yao, chakula chao, na dumu la mafuta ya akiba ili wasisimame mahali pabaya giza likiingia.

Nikakumbuka niliyosoma. Kulikuwa na kitabu kilichotungwa kwa ajili hiyo hiyo. Posta wa Harlem, New York, aitwaye Victor Hugo Green, alianza kukitoa mwaka 1936, kikaorodhesha hoteli, migahawa, vinyozi na sheli ambako mweusi angepokelewa bila matusi. Kiliendelea kutoka hadi miaka ya 1966 na 1967. Moteli ya Lorraine ya Memphis, ile ambayo Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, ilikuwa mojawapo ya zilizotajwa humo. Sheria ya kukomesha ubaguzi katika sehemu za huduma ilisainiwa Julai 1964.

Unaona mambo? Watu wenye rangi yetu, katika majimbo haya haya, walikuwa wanachagua njia kwa kuuliza swali moja: nitasimama wapi salama? Umbali ulikuja baadaye. Sisi tumekuja na simu zenye ramani inayozungumza, tukalisahau swali lenyewe.

RAMANI YA BI MKUBWA

Asubuhi Shemeji, mtu mzima yule, alikaa chini mbele ya Mama. "Mama, nisamehe. Leo ramani unashika wewe." Mama akakataa mara mbili kama inavyotakiwa, mara ya tatu akavaa miwani.

Utaratibu mpya ukawa huu. Kila saa moja na nusu tunasimama, iwe sheli, iwe kituo cha kupumzikia, iwe mji. Shemeji anashuka wa kwanza, anakwenda kukagua matairi huko mbali, hata kama alishayakagua. Mama anakunywa maji na kula kwa saa zake. Maili 300 kwa siku ndiyo mwisho, na saa tisa alasiri tuwe tumeegesha. Baadaye nikagundua wenyewe wenye magari haya wana kanuni ya namna hiyo hiyo. Maili 300, ufike kabla ya saa tisa. Sisi tuliigundua kwa soda.

Na njia nayo ikabadilika. Siku ile tulikwenda mwendo mfupi tu hadi Balmorhea, ambako kuna bwawa kubwa la kuogelea linalolishwa na chemchemi, lilijengwa miaka ya 1930. Maji yake ni kati ya nyuzi 22 na 24 mwaka mzima, hata jangwa liwake vipi. Watoto walirukia. Mama alikaa ukingoni na kanga yake, akatumbukiza miguu ile iliyovimba, samaki wadogo wakamzunguka. Akasema, "Sasa ndiyo nimefika Marekani."

Tukapita El Paso asubuhi na mapema. Baada ya Las Cruces, New Mexico, kuna kizuizi cha askari wa mpakani kwa magari yanayokwenda magharibi. Hapa nakushauri, na sikutanii. Kama si raia wa kule, pasi na makaratasi yako yawe mkononi. Pasi ya Mama ilikuwa kwenye sanduku, sanduku chini ya kitanda, kitandani wamelala wajukuu. Ofisa alisubiri kwa adabu, lakini Shemeji alizeeka miaka kumi. Wanaokuja kutoka upande wa magharibi nao wana kizuizi chao Sierra Blanca, mashariki mwa El Paso.

Mbele ya hapo, karibu na Lordsburg, na tena kati ya Tucson na Phoenix, kuna tufani za vumbi. Linakuja kama ukuta, ghafla humwoni wa mbele. Kanuni ya kule inashangaza lakini ina maana. Toka kabisa nje ya lami, vuta breki ya mkono, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki. Kwa nini uzime taa? Kwa sababu wa nyuma yako akiona taa zako atadhani ndiko barabara ilipo, atakufuata na kukugonga.

Phoenix tuliikwepa. Mwaka 2023 mji ule ulipigwa siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na msongamano wake wa magari si wa kuuingiza mzee wa sukari. Pale Casa Grande tukashika I-8, tukapita Gila Bend hadi Yuma. Joto halikukosekana, nisikudanganye, lakini njia ni nyeupe na tulikuwa barabarani kabla jua halijachangamka. Ukitoka Yuma kuna mlima mrefu upande wa California, vibao vinakushauri uzime kiyoyozi gari lisichemke, na maji ya rejeta yamewekwa kando ya njia. Tuliupanda alfajiri, tukashuka San Diego, tukaiona bahari nyingine.

Tuliingia Los Angeles siku ya nane alasiri. Gari lilikodiwa kwa siku sita. Siku za kuzidi Shemeji alizilipia kutoka mfukoni mwake, na hadi leo hajanung'unika hata mara moja.

KWA HIYO UFANYEJE?

Kama unapanga safari ya namna hii, nakuachia machache.

Tazama mwezi kabla ya kutazama ramani. Baridi, shika I-10. Kiangazi ukiwa na mzee au mtoto mchanga, I-40 ina nafuu milimani. Msimu wa vimbunga, sikiliza habari kila asubuhi, na uijue mapema barabara ya kupanda kaskazini.

Andika urefu wa gari lako kwenda juu kwenye karatasi, ubandike mbele ya dereva. Madaraja ya haiwei kubwa hayatakusumbua. Balaa liko kwenye vijibarabara vya mjini, mapaa ya sheli na matawi ya miti. Ramani ya simu inakudhani una kigari kidogo.

Mafuta ukifika nusu tanki magharibi mwa Texas, jaza. Usisubiri taa iwake.

Miji mikubwa ina barabara za kuizunguka. Zitumie, au ipite mapema kabla watu hawajaenda kazini.

Na la mwisho, ndilo kubwa. Kabla hujachora mstari wako, mwite pembeni yule asiyesema kitu. Usimwulize mbele ya watu. Mwulize peke yake, kwa sauti ya chini, anahitaji nini njiani. Akikwambia yeye ni mzigo, usicheke kama sisi. Mzigo wa namna hiyo ndio uliokufunga safari, ndio unaostahili kuchagua njia.

Unataka kujua mama na mwana walivyokutana? Kaka alitoka nje mbio miguu mitupu, mwanamume mwenye mvi sasa, akapiga magoti kwenye lami ya moto. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu hakusema neno. Halafu akamwinamia sikioni. Tulidhani anamwombea dua.

Kaka alikuja kutuambia baadaye. Mama alisema, "Mwanangu, choo kiko wapi?"